Piesi itafika, kidole hakirudi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani,

Tunayajua matrekta madogo ya zamani yanayovuta remorke za mbao, za mchanga na za maji. Mengine yana umri kuwapita vijana wanaoyaendesha. Massey Ferguson 135, kwa mfano, ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na siku hizi haitengenezwi tena. Trekta kama hilo likiharibika diski ya ambreyaji (jirani zetu wa Uganda na Tanzania huiita klachi), kazi inasimama. Diski mpya haipatikani Mubi. Huagizwa Goma au Bukavu, pengine Kampala, kisha ingoje gari litakaloshinda matope ya njiani. Wiki zinapita, shefu anauliza, dereva anauliza, na remorke imelala.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Fundi mmoja aliletwa katika dispansere nilikokuwa kazini zamani. Piesi ilikuwa imekawia sana. Ilipofika asubuhi, wakaamua trekta litoke jioni ile ile. Walipokuwa wakisogeza pande mbili za trekta ili zikutane, alitia kidole katika tundu la bulo apate kujua kama matundu yamelingana. Yalilingana. Kidole kilikatika kwenye kiungo cha kwanza.

Kwa nini kazi hii ni ya hatari? Diski inakaa kati ya motere na bwati ya vitesi. Trekta hili halina shasi kama lori: motere na bwati ndiyo mgongo wake. Kwa hiyo kubadili diski ni kulikata trekta katikati. Zima lina uzito karibu kilo 1,500, na kila nusu yaweza kumponda mtu. Tena, ekseli ya mbele imeshikwa katikati tu, ili icheze kwenye mashimo ya njia. Ukitenga nusu ya mbele bila kuizuia, motere itapinduka ubavuni.

Fuateni haya:

1. Fanyeni kazi mahali pagumu na tambarare, si kwenye matope. Toeni waya wa betri kwanza. Zuieni magurudumu ya nyuma kwa vipande vya mti.

2. Gongeni kabari za mti mgumu juu ya ekseli ya mbele, kulia na kushoto, kabla ya kulegeza bulo za katikati.

3. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Kila nusu ikalie madriye yaliyopangwa msalaba, au viti vya chuma. Mtu asiingie chini ya kitu kilichoshikwa na kriki peke yake.

4. Sahani ya ambreyaji ina springi zilizobanwa. Legezeni bulo zake kidogo kidogo, moja baada ya nyingine kwa zamu, uso ukiwa pembeni.

5. Wakati wa kurudisha, mtu mmoja tu atoe amri. Matundu yalinganishwe kwa fimbo ya chuma, kamwe si kwa kidole. Pete na saa vibaki mfukoni.

Trekta likiisha kufunguliwa, pimeni upana wa diski ya zamani, hesabuni meno ya katikati yake, nakilini namba za kibao cha trekta. Tazameni pia rulma ya ambreyaji na mpira unaozuia mafuta. Vikiwa vimechoka, viagizwe pamoja na diski. Piesi isiyofaa ni mwezi mwingine wa kungoja.

Na kungoja nako kuna ajali zake. Trekta lililokatwa nusu hukaa wiki nyingi juu ya miti. Mvua ikinyesha, udongo unalainika na madriye yanazama upande mmoja. Yakaguliwe kila asubuhi. Pazungushwe uzio, maana watoto wanapenda kupanda juu ya mashine iliyosimama. Wazazi, wakatazeni.

Wengine, wakichoka kungoja, huchomelea chuma kwenye meno yaliyolika ili trekta litembee. Chuma cha meno kimepikwa kiwandani kiwe kigumu. Moto wa kuchomelea unakiharibu, na baadaye kinapasuka chini ya mzigo. Kikipasuka kwenye mteremko na remorke imejaa, motere haitalishika trekta tena. Zitabaki fere peke yake, na fere za trekta kuukuu mnazijua wenyewe.

Sasa neno kwa jamaa wa nyumbani. Diski nyingi za zamani zilitengenezwa kwa amianti, ambayo wengine huiita asbesto. Vumbi lake halionekani vizuri, wala haliwashi. Likiingia katika mapafu linabaki humo, na laweza kuleta kansa baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza mwaka 2005, lakini trekta la zamani halijui sheria mpya. Fundi asipulize vumbi la ambreyaji kwa hewa wala kwa mdomo. Alilowanishe kwa maji, alifute kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho afunge katika mfuko na kukizika. Nguo za kazi abadilishe garaji na kuzilowesha huko huko. Kuna wanawake katika nchi nyingine waliougua kwa kukung'uta na kufua nguo za waume wao. Baba asimbebe mtoto kabla ya kuoga.

Mtu akiumia mkono, bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu, pete itolewe kabla vidole havijavimba. Msipake mafuta ya mashine, wala esansi, wala udongo. Kipande kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki, na mfuko uwekwe katika maji baridi. Kisiguse maji yenyewe. Leteni vyote dispansere mara moja. Hata kama kidonda ni kidogo, njooni tutazame chanjo ya pepopunda.

Shefu wa garaji, piesi ikifika asubuhi, usiahidi trekta jioni. Hesabu siku mbili, au tatu. Remorke iliyongoja wiki sita yaweza kungoja kesho. Yule fundi niliyemsimulia bado anafanya kazi, na bado anafunga bulo, lakini ndogo anamwomba mwanawe amshikie.

Mwenda pole hajikwai.