KIZUNGUZUNGU NA MVUMO WA MASIKIO: WANANCHI WASICHELEWE KUTAFUTA TIBA

Wapo wananchi, mjini na mashamba, wanaoishi kwa miezi na kizunguzungu kisichokwisha na masikio yanayovuma usiku na mchana, wakaona kuwa hayo ni mambo ya kuvumilia. Baadhi husema sikio likivuma ni kwamba mtu anatajwa mahali. Wengine huhusisha hali hiyo na shetani. Ukweli ni kuwa mvumo na kizunguzungu si maradhi yenyewe bali ni dalili, na kila dalili ina sababu yake. Sababu nyingi hutibika, lakini baadhi hazisubiri.

Dalili hizi mbili mara nyingi hufuatana kwa kuwa sikio la ndani lina kazi mbili: kusikia, na kuuweka mwili katika mizani. Daktari wa Kifaransa, Prosper Ménière, ndiye aliyebainisha mwaka 1861 kuwa kizunguzungu kinachoambatana na mvumo na uziwi kinaweza kutoka katika sikio la ndani, wakati ambapo madaktari wengi walidhani kuwa ni maradhi ya ubongo. Tangu hapo maradhi ya aina hiyo yamepewa jina lake.

Kwa watu wa Matemwe, Wilaya ya Kaskazini A, jambo la kwanza la kutazamwa ni bahari. Miamba ya Mnemba, iliyokabili kijiji hicho, huwavuta wavuvi wa pweza na wapiga mbizi. Mtu anapozama mita 10 hukandamizwa mara mbili ya alivyokuwa juu ya maji, na mabadiliko makubwa zaidi huwa katika mita chache za mwanzo. Ndiyo maana sikio huweza kuumia hata kwenye kina kidogo. Hewa isipopita katika mrija unaounganisha sikio na pua, ngoma ya sikio huvutwa kwa ndani, huuma, na huweza kupasuka. Na anayepuliza kwa nguvu huku amebana pua huweza kuumiza sikio la ndani. Mwenye mafua asizame. Anayehisi maumivu apande juu, asilazimishe. Aliyetoka majini na kizunguzungu, mvumo au uziwi asizame tena hadi atazamwe na daktari. Na kama alitumia mtungi wa hewa, apelekwe hospitali wakati huo huo na aeleze alizama kina gani na kwa muda gani.

Jambo la pili ni dawa. Wazee wanaikumbuka kwinini na jinsi ilivyofanya masikio yavume. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto kwa malaria mwaka 2003, lakini kwinini haijasahauliwa, na anayeinywa bila ya kupimwa hujitia hatarini. Aspirini nyingi nayo huleta mvumo. Sindano za jentamaisini na streptomaisini huweza kudhuru usikivu na mizani ya mwili, na madhara hayo pengine yasiondoke. Nalo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2018 kuwa halipendekezi tena sindano za kanamaisini kwa kifua kikuu sugu. Hata hivyo, mgonjwa aliyeandikiwa dawa asiiache kwa shauri lake mwenyewe. Arejee kwa aliyemwandikia na amweleze hali yake.

Zipo sababu nyengine. Nta iliyoganda na usaha wa sikio huleta mvumo, na matibabu yake si magumu. Upungufu wa damu, hasa kwa mama wajawazito, shinikizo la damu, kisukari, na kushinda juani bila ya maji ya kutosha, kama inavyowatokea akinamama wa mwani, huleta kizunguzungu. Kwa wengine dunia huzunguka kwa sekunde chache tu wanapogeuka kitandani au wanapoinuka kutoka katika sijida. Mara nyingi hao husumbuliwa na chembechembe ndogo zilizohama mahali pake ndani ya sikio, na daktari anaweza kuzirejesha kwa kugeuza kichwa cha mgonjwa kwa utaratibu maalumu, bila ya dawa wala kisu.

Wananchi wanashauriwa wasitie mafuta ya moto, maji ya majani wala njiti masikioni, kwani ngoma iliyotoboka huzidi kuharibika. Dini haikumzuia mtu kuomba dua, na pia imemhimiza kujitibu. Kimoja hakiondoi chengine.

Mwenye dalili zilizodumu zaidi ya wiki aanze katika kituo cha afya kilicho karibu. Wa Matemwe wanaweza kupelekwa Hospitali ya Kivunge, na inapohitajika kwa daktari wa masikio, pua na koo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Aende na pakiti za dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba, na aeleze mambo manne: lini ilianza, sikio moja au yote mawili, dunia inazunguka au anahisi kuzirai, na kazi anayoifanya. Maelezo hayo humsaidia daktari kabla ya kipimo chochote.

Hata hivyo, asingoje wiki wala siku moja aliyepoteza usikivu ghafla, kwani tiba yake ina manufaa zaidi ikianza katika siku za mwanzo. Kadhalika mwenye kizunguzungu pamoja na uso kupinda, ulimi mzito, mkono au mguu kukosa nguvu, kichwa kuuma vikali au kuzirai, apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana.

Wakuu wa sehemu za kazi nao wanakumbushwa kuwa mfanyakazi mwenye kizunguzungu si mvivu. Asipandishwe ngazi, asiendeshe gari wala mashine, na apewe nafasi ya kwenda kutibiwa. Masheha, walimu na manahodha wanaombwa kuwafikishia ujumbe huu wale wasiosoma ukurasa huu, hasa vijana wanaopiga mbizi. Sikio la ndani likishaharibika halina kipuri, na siku zilizopotea kwa kungoja hazirudi.