Kituo cha setilaiti mpakani: Dishi ni mwanzo tu

JANUARI 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika Machi 13 mwaka huo, vifo 10 vilikuwa vimehesabiwa.

Katika wilaya jirani ya Ngara, kati ya Aprili 28 na 29, 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Enzi hizo, redio za upepo na simu za setilaiti ndizo zilizokuwa nyenzo za mashirika ya misaada katika maeneo ya namna hiyo.

Matukio hayo mawili yanaonyesha kwamba katika wilaya za mpakani, kuchelewa kwa taarifa kunaweza kugharimu maisha ya watu.

Hali imebadilika tangu wakati huo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umefika hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga. Hata hivyo, mkongo hukatika. Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilivuruga huduma za intaneti nchini Tanzania na katika nchi nyingine za ukanda huu. Aidha, si kila zahanati au kijiji kimeunganishwa. Hapo ndipo setilaiti inapobaki kuwa njia ya akiba.

Je, kituo cha ardhini cha setilaiti hupangwaje?

Hatua ya kwanza ni kuchagua setilaiti na kupima mwelekeo wake. Setilaiti nyingi za mawasiliano huwa juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786, na huzunguka kwa mwendo sawa na wa dunia, hivyo huonekana kama zimesimama. Ngara na Biharamulo ziko chini kidogo tu ya ikweta, karibu na nyuzi 31 mashariki. Dishi linaloelekezwa kwenye setilaiti iliyo nyuzi 60 mashariki huinuliwa kiasi cha nyuzi 55 kutoka usawa wa ardhi. Pembe hiyo ni nzuri, kwa kuwa vilima vya Ngara haviwezi kuikinga kirahisi. Miti na mapaa ya karibu, hata hivyo, sharti vikaguliwe.

Hatua ya pili ni kuchagua masafa. Mawimbi ya masafa ya Ku hutosheka na dishi dogo, mara nyingi la kipenyo cha mita 1.2, lakini hudhoofishwa na mvua kubwa. Masafa ya C huhimili mvua vizuri zaidi, ila huhitaji dishi kubwa, la mita 2.4 au zaidi, na msingi imara wa zege. Kwa mkoa wenye misimu miwili ya mvua, mpangaji hana budi kuacha nguvu ya ziada ya mawimbi, ili kituo kisizimike wakati wa dhoruba.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni umeme. Kituo huhitaji betri, paneli za jua au jenereta, pamoja na waya wa ethi uliozikwa vizuri dhidi ya radi. Dishi zuri lisilo na umeme halina faida kwa mgonjwa.

Nne, ni kujua setilaiti isichoweza. Mawimbi hutumia takriban robo ya sekunde kupanda na kushuka, hivyo jibu hurudi baada ya nusu sekunde hivi, na wazungumzaji hulazimika kusubiriana. Vilevile, kwa siku chache karibu na Machi na Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti na kukatiza mawasiliano kwa dakika kadhaa. Muda huo hukokotolewa mapema, na watumiaji wanapaswa kuarifiwa.

Setilaiti za chini, zinazozunguka umbali wa kilomita 550 hivi, hupunguza ucheleweshaji huo. Huduma ya Starlink ilianza Rwanda mwaka 2023 na Burundi mwaka 2024. Lakini leseni ya nchi moja si ruhusa ya kutumia chombo katika nchi nyingine. Kwa upande wa Tanzania, masafa na leseni ni jukumu la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), chini ya sheria ya mwaka 2010. Mpakani suala hili lina uzito zaidi, kwa sababu mawimbi hayatambui mto Kagera wala Ruvubu.

Mwisho, mpango mzuri hautegemei chombo kimoja. Oktoba 19, 2024, setilaiti ya Intelsat 33e, iliyokuwa nyuzi 60 mashariki na kuhudumia pia Afrika, ilivunjika vipande angani. Wateja walilazimika kuhamishiwa kwenye setilaiti nyingine. Kituo ambacho dishi lake linaweza kugeuzwa, na ambacho mtumishi wake amefundishwa kuligeuza, hurudi hewani mapema kuliko kile kinachosubiri fundi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Kwa hiyo, halmashauri au hospitali inayopanga kununua dishi haina budi kwanza kuuliza nani atalitunza, umeme utatoka wapi, na njia ya pili ni ipi iwapo ya kwanza itakatika.