Uvimbe wa Kifua (2): Rangi Isipotokea

Wiki iliyopita tuliishia pale sindano ilipotoa kinyama chembamba kama uzi kutoka kifuani mwa mgonjwa. Leo tukifuate maabara.

Kinyama hulowekwa katika formalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vya maikroni 3 au 4. Kwa rangi za kawaida, waridi na bluu, mpatholojia huona seli zilizovurugika tu. Saratani ipo, lakini ni ipi? Limfoma, uvimbe wa seli za uzazi na saratani ya tezi ya thaimasi huweza kufanana chini ya hadubini, ilhali dawa zake ni tofauti kabisa.

Ndipo huitwa kingamwili. Kila moja hunasa protini yake, na pale iliponasa hutokea rangi ya kahawia. CD45 huelekeza kwenye limfoma, SALL4 kwenye seli za uzazi, CD5 na CD117 kwa pamoja kwenye thaimasi.

Lakini saratani mbili huhitaji kingamwili zake zenyewe. Ya kwanza, saratani ya NUT, ina hila. Jeni ya NUTM1 hukatika na kuungana na jeni nyingine, mara nyingi BRD4. Hilo lilijulikana mwaka 2003. Saratani hii huwapata hata vijana wasiovuta sigara, na wengi hawamalizi mwaka. Kwa kuwa mara nyingi hushika rangi ya kingamwili ya p40, anayeishia hapo ataandika saratani ya kawaida ya seli bapa. Kingamwili ya NUT ndiyo huiumbua: viini vya seli hujaa vidoadoa vya kahawia.

Ya pili ni kinyume chake. Uvimbe uliopungukiwa SMARCA4, ulioelezwa mwaka 2015 na kuingizwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, huwapata zaidi wanaume waliovuta sigara sana. Humo protini ya BRG1, zao la jeni hiyo ya SMARCA4, imetoweka, kwa hiyo seli za uvimbe hubaki bluu tupu. Lakini hata kinyama kilichoharibika hubaki bluu! Mpatholojia makini huangalia kwanza seli nzima zilizo jirani, kama limfosaiti na utando wa mishipa ya damu. Hizo zikiwa za kahawia na uvimbe ukawa bluu, jibu limepatikana. Vyote vikiwa bluu, kipimo kimeshindwa na hakuna wa kukitetea.

Kwa maoni yangu, makosa mengi huanza kabla ya maabara: kinyama kucheleweshwa nje ya formalini, au kutiwa katika formalini kiduchu. Ijae angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama.

Nawe ndugu wa mgonjwa ukikabidhiwa chupa, usiilaze nyumbani. Ripoti ikirudi na maneno "saratani isiyotambulika aina", muulize daktari kama NUT na BRG1 vimepimwa. Kama havijapimwa, kipande cha nta huwa kimehifadhiwa. Omba kipelekwe kwenye maabara yenye kingamwili hizo.