Baada ya Karamu

Katika vijiji vilivyo karibu na mji wa Tanga, arusi haiishi siku moja. Ng'ombe huchinjwa, pilau hupakuliwa tangu adhuhuri hata usiku wa manane, na kwa ajili ya wale wanywao tembo, mgema hapati nafasi ya kupumzika. Lakini karamu ina asubuhi yake. Ngoma zimenyamaza, majivu yamepoa mekoni, na ndani ya nyumba nyingi mna watu waliolala kifudifudi, wasiotaka kusikia hata jogoo akiwika.

Katika nyumba moja ya namna hiyo kijana mmoja aliamka jua limekwisha panda. Kichwa kilimgonga kama kinu kinachotwangiwa, ulimi ulikuwa mkavu, mikono ilimtetemeka, na tumbo lilikataa hata harufu ya chakula. Mwenzake akamjia na kibuyu cha tembo lililobaki, akamwambia, "Zimua, ndugu yangu. Kidogo tu, utaona kichwa kinakuwa chepesi."

Bibi yake yule kijana alikuwa barazani akipepeta mchele, akasikia. Akaingia, akakitwaa kile kibuyu, akaenda kumwaga tembo chini ya mgomba.

"Shikamoo, bibi," kijana akasema kwa haya.

"Marahaba, mjukuu wangu. Moto hauzimwi kwa kuni. Kunywa maji kwanza."

Bibi huyo hakusoma kitabu chochote cha uganga, lakini neno lake lilikuwa la kweli, na sababu zake zafaa kujulikana.

Figo za mtu ndizo zinazopima maji ya mwili. Ubongo huziletea amri kwa njia ya damu, zishike maji wala zisiyapoteze ovyo. Amri hiyo ni kitu kiitwacho homoni. Kileo huizuia homoni hiyo isitoke. Basi figo, zikiwa hazina wa kuzionya, huyaachilia maji, na ndiyo maana mlevi hutoka nje mara nyingi usiku. Asubuhi mwili wake umepungukiwa na maji, na pamoja na maji umepungukiwa na chumvi kidogo. Kiu, ulimi mkavu, na sehemu ya maumivu ya kichwa hutokana na upungufu huo. Dawa yake ni maji safi, yanywewe polepole, funda baada ya funda. Maana tumbo lililochubuliwa na kileo halipendi kujazwa kwa ghafula. Madafu nayo ni mazuri sana kwa mtu mzima wa namna hii. Maji ya dafu yana sukari kidogo na chumvi ya namna moja iitwayo potasiamu, ambayo misuli na moyo huihitaji. Katika bara, ambako minazi haioti, ndizi mbivu huleta potasiamu hiyo hiyo.

Lakini maji hayaondoi kileo kilichomo katika damu. Kazi hiyo ni ya ini, nalo halina haraka. Kwanza hukigeuza kileo kuwa sumu iliyo kali kuliko kileo chenyewe, kisha hugeuza sumu ile kuwa kitu kisichodhuru, na mwishowe kitu hicho huwa maji na hewa ya kupumua nje. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye sehemu 5 za kileo katika sehemu 100, ina gramu 20 hivi za kileo. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa moja. Kwa hiyo chupa moja huchukua saa mbili au karibu na tatu, na aliyekunywa chupa 5 jioni hupambazukiwa akali na kileo mwilini. Kahawa haiharakishi kazi hiyo, wala kuoga maji baridi, wala limau. Kahawa humfanya mlevi kuwa mlevi aliye macho, basi. Na anayezimua hulitupia ini mzigo mpya kabla halijatua ule wa jana. Ahueni aionayo ni deni, atalilipa jioni.

Hapa pana jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Ini ni ghala la sukari ya mwili pia. Mtu akilala bila kula, ini hutoa sukari yake kidogo kidogo ili ubongo usife njaa, na ghala likipungua, hutengeneza sukari nyingine. Lakini likiwa limeshughulika na kileo, kazi hiyo ya pili hulegea. Ndiyo sababu mtu aliyekunywa bila kula huweza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, hata kuzimia. Bibi alilijua jambo hili kwa macho, ingawa hakulijua kwa jina. Alipoona mikono ya mjukuu wake inatetemeka, aliinjika uji wa mtama, mwepesi, akatia sukari na chembe ya chumvi, akauacha upoe. Uji wa namna hiyo una maji, una wanga unaogeuka kuwa sukari, una chumvi, na haulipi tumbo kazi kubwa. Tangawizi kidogo ikitiwa, huwapunguzia watu wengi kichefuchefu.

Wako wengine ambao hawakuonja tembo hata tone, nao waliamka na taabu. Hao walishindwa na pilau. Tumbo la mtu mzima likijaa huchukua lita moja au moja na nusu, na nyama yenye mafuta hukaa ndani yake saa nyingi kuliko wali mtupu. Watu husema, "Nyongo imenipanda," kana kwamba nyongo ni adui. Kumbe nyongo hutengenezwa na ini ili iyapasue mafuta yawe vipande vidogo; ni mtumishi, tena mtumishi aliyechoka siku hiyo. Mtu wa namna hii hahitaji dawa ya kuharisha, kama wengine wanavyokimbilia kununua. Aache kula mpaka njaa ya kweli irudi, atembee kidogo kivulini, anywe maji, kisha aanze na vitu vyepesi: papai bivu, uji, mchicha uliochemshwa bila nazi nyingi, maziwa ya mgando. Maziwa hayo hulifaa tumbo kuliko maziwa mabichi, kwa kuwa vijidudu vyema vilivyoyagandisha vimekwisha kula sehemu ya sukari yake, ile inayowapa watu wengi gesi tumboni. Maji ya ukwaju nayo hulegeza tumbo lililofunga, ila asiyafanye mazoea yule ambaye tumbo lake limekwisha legea.

Waislamu wa pwani wamelijua jambo hili tangu zamani. Mtu aliyefunga mchana kutwa katika mwezi wa Ramadhani hafungui kwa kitoweo kizito. Huanza kwa tende na maji, kisha uji wenye pilipili manga, na chakula kikubwa huja nyuma. Vivyo hivyo katika matanga. Wafiwa hawana hamu ya kula, usingizi umewaruka, miili imechoka kwa huzuni kama iliyochoka kwa jembe. Majirani hawawaletei nyama, huwaletea uji na chai ya maziwa, na hukaa nao mpaka kikombe kiishe. Huzuni haiponywi na uji. Lakini mwili usiokula siku mbili huiongeza huzuni, na mtu akipata kitu cha moto tumboni huweza kulala.

Na usingizi wenyewe ni nusu ya dawa. Usingizi wa kileo si usingizi kamili: mlevi hulala upesi, lakini ubongo wake huamka-amka usiku wala haupumziki vema. Kwa hiyo kijana yule, alipokwisha kunywa maji na uji, aliambiwa alale tena, na mlango ukafungwa.

Lakini si kila kichwa kinachouma baada ya pombe ni cha kutibiwa kwa uji. Pombe zinazopikwa kwa siri, au zinazotiwa vitu na wauzaji wasio na huruma, pengine zina kileo cha namna nyingine kiitwacho methanoli. Hicho ini hukigeuza kuwa sumu inayoua mishipa ya macho. Mwezi wa Novemba mwaka 2000, mjini Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Aliyekunywa akaanza kuona ukungu mbele ya macho, au kuhema kwa nguvu, au asiyeamka akiitwa, huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Kumpa madafu na kungoja ni kumpoteza.

Adhuhuri ilipofika, taabu ya nyumba ile iligeuka. Mpwa wake yule kijana, mtoto wa miaka 4, alikuwa amekula pilau lililolala sufuriani usiku kucha. Wali uliopikwa ukaachwa katika joto hufuga vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kupikwa; tena vijidudu vingine huacha ndani ya wali sumu ambayo hata kuupasha moto hakuiondoi. Mtoto alitapika mara mbili, akaanza kuharisha maji matupu. Bibi akampa dafu. Akaharisha tena. Akampa la pili. Jua lilipoanza kuinama, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, alilia bila machozi, na bibi alipomfinya ngozi ya tumbo, ile ngozi ilirudi taratibu kama nguo iliyokunjwa. Tangu asubuhi hakukojoa.

Hapo bibi aliona kwamba elimu yake imefika mpakani. Akamwamsha mjukuu wake, naye akambeba mtoto mgongoni mpaka zahanati, kichwa chake mwenyewe kikali kinamwuma.

Mwuguzi hakulilaumu dafu. Alieleza tu kwamba maji ya dafu yana potasiamu nyingi lakini chumvi ya kawaida ni chache, na mtoto anayeharisha hupoteza sana hiyo ya kawaida. Tena maji matupu hupita tu kama kwenye mfereji, kwa kuwa utumbo uliougua huyanyonya kwa shida. Lakini ukuta wa utumbo una vijilango ambavyo hupitisha sukari na chumvi zikiwa pamoja, bega kwa bega. Na zikiisha pita, maji huzifuata. Sukari ikikosekana, chumvi huingia kwa shida. Sukari ikizidi, huyavuta maji kuyarudisha ndani ya utumbo, na kuharisha huongezeka. Ndiyo sababu soda na maji matamu ya dukani hayafai kazi hii.

Jambo hilo halikujulikana zamani. Ilikuwa lazima maji yatiwe mshipani kwa sindano, na asiye na sindano alikufa. Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari walihakikisha kwamba wagonjwa wa kipindupindu huweza kuponywa kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari. Mwaka 1971 vita ya Bangladesh ilipowafukuza watu kwa mamilioni wakaingia India, kipindupindu kiliwaingia makambini. Huko Bangaon daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya mshipani. Akaamuru chumvi na sukari zipimwe, zichanganywe na maji katika mapipa, ndugu za wagonjwa wachote na kuwanywesha. Kabla ya hapo katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa 30 hivi. Kwa dawa hiyo ya mapipa walikufa pungufu ya 4.

Siku hizi unga wake hutolewa katika pakiti kwenye zahanati, nao umetiwa potasiamu pia. Pakiti ikikosekana, huchukuliwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikisawazishwa juu kwa kisu, visiwe na kichungu. Kosa la chumvi kuzidi ni la hatari. Kwa hiyo maji yaonjwe kwanza, na yakiwa na chumvi kupita machozi, yamwagwe.

Mwuguzi alimpa mtoto kijiko kimoja kimoja. Mtoto akatapika. Wakangoja dakika 10, wakaanza tena, polepole zaidi. Kijana ndiye aliyeshika kijiko, kwa kuwa mwuguzi alikuwa na wagonjwa wengine, akaambiwa kila mtoto akiharisha amnyweshe nusu kikombe au kikombe kizima, na akitaka kula asizuiwe. Akapewa na vidonge vya zinki vya siku 10, ambavyo hufupisha kuharisha.

Magharibi macho ya mtoto yalikuwa yamerudi mahali pake, naye akataka uji. Kijana akambeba kurudi nyumbani. Walipofika penye ua, mtoto akamkojolea mgongo mzima, shati na yote. Kijana akapiga ukelele. Bibi akatoka mbio na taa, akamgusa mjukuu wake mgongoni, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Mwache, baba," akasema. "Tangu asubuhi nayangojea hayo."