Kupiga Picha ya Motokaa: Somo la Mwanga

Leo tutazungumza habari ya kupiga picha ya motokaa. Sisemi na wapiga picha wa kazi, wenye taa kubwa na vyombo vya ghali. Nasema nawe mwenye simu, au kamera ndogo, unayetaka picha nzuri ya gari lako. Pengine wataka kumpelekea ndugu aliye mbali. Pengine wataka kumwonyesha mtu aliyesema atalinunua.

Tuseme gari lenyewe ni Toyota Probox nyeupe. Umeliosha, limetakata. Umesimama mbele yake, umepiga picha. Unapoitazama, loo! Weupe umekuwa kama maji ya majivu. Jirani yako ana Subaru nyeusi. Naye amepiga yake, na weusi umepauka kama shati lililofuliwa mara mia. Hapo watu husema, "Kamera hii mbovu." Kamera si mbovu. Haijui inatazama nini.

Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Ndani ya kamera mna kipimo cha mwanga. Kipimo hiki hudhani kwamba kila kitu duniani, ukichanganya vyeupe na vyeusi pamoja, kina rangi ya majivu. Kwa desturi ya wapiga picha, majivu hayo ni yale yanayorudisha kiasi cha asilimia 18 ya mwanga unaoyaangukia. Basi ukiielekeza kamera kwenye gari jeupe, inasema moyoni mwake, "Mwanga umezidi, nipunguze." Inapunguza, na weupe unakuwa kijivu. Ukiielekeza kwenye gari jeusi, inasema, "Hapa pana giza, niongeze." Inaongeza, na weusi unapauka. Kamera za leo zina akili zaidi kuliko za zamani, na nyingine hutambua uso wa mtu. Hata hivyo, mbele ya ubavu mkubwa wa motokaa nyeupe hudanganyika vilevile.

(Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni: 18, 36, 72.)

Wapiga picha hupima mwanga kwa hatua. Kuongeza hatua moja ni kuufanya mwanga uwe mara mbili. Kupunguza hatua moja ni kuukata nusu. Kama kamera ilifungua jicho lake kwa sehemu moja ya 250 ya sekunde, nawe ukaifanya ifungue kwa sehemu moja ya 125, umeongeza hatua moja. Sasa tazama ubaoni. Mara mbili ya 18 ni 36. Mara mbili ya 36 ni 72. Rangi nyeupe iliyo safi hurudisha mwanga wa kadiri hiyo ya 72, au zaidi kidogo. Kwa hiyo, kama picha nzima imejaa weupe mtupu, kamera inahitaji kuongezewa hatua mbili. Lakini picha yako haina gari peke yake. Ina ardhi, ina ukuta, ina matairi. Kwa kawaida hatua moja itatosha. Kwa gari jeusi fanya kinyume: punguza hatua moja.

Utafanyaje? Katika kamera, tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Katika simu nyingi, gusa kioo pale lilipo gari. Itatokea alama ndogo ya jua, au mstari mdogo. Ivute juu kuongeza, ivute chini kupunguza. Watu wengi wana simu hizi miaka mingi, wala hawajapata kuligusa jua hilo hata siku moja.

Lakini ongeza kwa hadhari. Chumvi ikipungua kwenye mchuzi utaiongeza mezani; ikizidi, mchuzi umekwisha. Ndivyo ulivyo mwanga katika kamera za siku hizi. Sehemu iliyozidiwa na mwanga hubaki nyeupe tupu, haina mstari wala kivuli ndani yake, na hakuna programu itakayokirudisha kitu ambacho kamera haikukiandika. Waliotumia filamu za negativu walifundishwa kinyume, kwamba heri mwanga uzidi kuliko upungue. Kama mzee wako alikufundisha hivyo, alisema kweli kwa filamu yake. Kwa simu yako, kila ukiisha kupiga, kuza picha na uitazame boneti na paa. Kama mikunjo ya bati imetoweka, punguza kidogo upige tena.

Saa nayo ni jambo kubwa. Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta, jua la saa sita mchana hukaa karibu na utosi. Paa linawaka, na chini ya gari ni giza la pango. Tofauti ya sehemu hizo mbili hupita uwezo wa kamera. Ukiyafuata matairi, paa litaungua; ukilifuata paa, matairi yatazama gizani. Simu nyingi za sasa hupiga picha kadhaa upesi upesi na kuziunganisha ili kupunguza tofauti hiyo. Husaidia, ila picha zake mara nyingine hufanana na picha za kuchorwa. Mimi nasema amka mapema. Saa moja asubuhi, au saa kumi na moja na nusu jioni, jua huja kwa ubavu, na ubavu wa gari ndio unaotaka kuuonyesha. Wala usichelewe jioni, maana kwetu jua likizama, nusu saa haiishi giza limekwisha ingia.

Kama huna budi kupiga mchana, tafuta kivuli cha jengo kubwa. Kivuli cha mwembe hakifai: jua hupenya katikati ya majani na kulitia gari madoadoa kama chui.

Kisha kumbuka kwamba motokaa iliyooshwa ni kioo. Kila kilicho mbele yake kimo ndani ya mlango wake: nguo zilizoanikwa, pipa la taka, na wewe mwenyewe umeinua mikono. Kabla ya kupiga usitazame gari; tazama kilichomo ndani ya rangi yake. Sogea hatua mbili kushoto, chuchumaa, tazama tena. Gari jeusi hasa si gari, ni picha ya mtaa mzima. Ukiona anga tupu au ukuta mtupu ubavuni mwake, hapo piga. Nayo flashi izime. Vibao vingi vya namba vimetengenezwa ili virudishe mwanga kule ulikotoka, basi flashi itakigeuza kibao kuwa taa.

Kosa hilihili la kamera huonekana pia kwa magari yaendayo kasi. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na yaliporudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, watu wengi walisimama na simu zao huko Naivasha. Gari linapopita, wingu la vumbi lenye jua nyuma yake hung'aa kuliko gari lenyewe. Kamera hupima vumbi, nalo gari hutoka jeusi kama mkaa. Dawa ni ileile: ongeza hatua moja.

Sasa tuje kwenye kusahihisha picha. Kwanza fanya nakala, nayo picha ya asili usiiguse. Inyooshe, maana gari lililopindika huonekana linateremka mlima. Kama ulipiga kivulini, weupe utakuwa na ubuluu, kwa sababu mwanga wa kivulini hutoka angani. Sogeza rangi kidogo upande wa manjano mpaka weupe uwe weupe. Kisha fungua vivuli kidogo, matairi yaonekane. Ukivifungua mno, patatokea chengachenga. Kamera nyingi, na baadhi ya simu, huweza kuhifadhi picha ghafi. Picha ya kawaida, ile iitwayo JPEG, huandika ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Picha ghafi yenye biti 12 huandika ngazi 4,096. Ndiyo maana picha ghafi huvumilia kusahihishwa.

Hapa nataka nikuulize swali, nawe ulijibu darasani. Programu za leo zaweza kufuta mkwaruzo wa mlangoni kwa kidole kimoja. Je, ukifute? Kama picha ni ya kutundika ukutani, ni shauri lako. Lakini yuko mtu Morogoro ambaye amekopa nauli ili aje Dar es Salaam kulitazama gari hilo. Atakapofika, kitu cha kwanza atakachokiona ni ule mkwaruzo, na tangu hapo hatakuamini hata juu ya injini. Kulirudishia gari weupe ulioibwa na kamera ni kusahihisha. Kufuta mkwaruzo ni kitu kingine, nacho kina jina lake. Mimi ningeupiga picha yake peke yake, kwa karibu, kwa mwanga wa ubavuni unaouonyesha kina chake, niiweke pamoja na nyingine. Mtu huyo ataamua akiwa bado kwake, kabla hajatoa senti.

Kazi yenu ya nyumbani ni hii. Tafuteni kitu cheupe na kitu cheusi. Si lazima kiwe motokaa, hata sahani na sufuria vyafaa. Kila kimoja kipigeni picha tatu mahali palepale: moja bila kugusa kitu, moja kwa kuongeza hatua moja, moja kwa kupunguza hatua moja. Waonyesheni wenzenu darasani bila kuwaambia ipi ni ipi, kisha kila mtu aandike katika daftari lake ipi inafanana na kitu chenyewe, na kwa nini. Kwaherini.