KINGA YETU NAYO INAHITAJI KINGA



Wengi wetu tuliotoka Kongo, baiskeli tunaiita kinga. Jirani wa Tanzania au Kenya akisikia neno hilo anaelewa jambo lingine: kitu cha kumlinda mtu na hatari. Mwezi huu tunataka maneno haya mawili yakutane. Kinga yetu ya magurudumu mawili nayo ipate kinga.

Kwa familia ya hapa kambini, baiskeli si mchezo. Ndiyo inaleta maji, kuni na mkaa. Ndiyo inapeleka mahindi kwenye mashine na mama mgonjwa kwenye kituo cha afya. Baba akigongwa nayo njiani, nyumba nzima imegongwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, lilisema ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 hivi kila mwaka duniani, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Ni watu kama sisi, wasio na bati la kuwafunika.

Huko nchi za mbali watu wanabuni vifaa vipya kila siku. Uswidi walitengeneza kola ya kuvaa shingoni ambayo mtu akianguka inapasuka na kuwa mfuko wa hewa kuzunguka kichwa. Ilianza kuuzwa 2011, lakini bei yake ilikuwa mamia ya yuro, na kampuni ilifilisika 2023. Uingereza wana taa inayochora picha ya baiskeli ya kijani barabarani, mita chache mbele ya mwendeshaji, ili dereva ajue kuna mtu anakuja. Ni vizuri, lakini pesa hiyo hatuna. Sasa tufanye nini? Watu wetu wa Goma walitengeneza chukudu kwa mbao na mpira wa tairi, na inabeba mzigo hadi leo. Basi hata hili tunaliweza.

Upande wa kushoto, upande wa kulia

Kabla ya vifaa, jambo moja. Kongo, Burundi na Rwanda tunashika mkono wa kulia. Hapa Uganda, kama Kenya na Tanzania, watu wanashika mkono wa kushoto. Mtu aliyefika juzi akishtuliwa na honi, mwili wake unakimbilia kulia, kumbe huko ndiko lori linapita. Familia yenye wageni iwafundishe kabla ya kuwapa baiskeli. Dawa ndogo ya kusahau: funga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa kushoto wa usukani. Kila ukikiona, unakumbuka upande wako.

Na kioo cha kutazamia nyuma kinakaa kulia, maana magari yanakupita kulia. Kioo cha pikipiki iliyoharibika kinafaa kabisa. Mwambie fundi akifunge imara kisitikisike.

Dereva haumizi anachokiona mapema

Gari la kilomita 60 kwa saa linakata mita 17 hivi kila sekunde. Dereva akikuona, akashtuka, akakanyaga breki, gari litasimama baada ya mita 40 hivi, na kwenye vumbi au matope ni zaidi. Usiku mtu wa nguo nyeusi anaonekana kwa mita 30 hivi, au chini ya hapo, kama taa za gari zimeinamishwa. Hesabu iko wazi: dereva anakuona wakati tayari amechelewa. Hata dereva mzuri, asiyekunywa, atakugonga.

Nchini Denmark watafiti waliwagawa waendesha baiskeli karibu 6,800 mafungu mawili. Fungu moja lilipewa koti la njano lenye mistari ya kung'aa, fungu la pili halikupewa. Kwa wenye koti, ajali za kugongana na wengine na kuumia zilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Ni nguo tu.

Hizi ndizo kinga tunazopendekeza, zote za kutengenezwa hapahapa.

1. Bangili ya mguu. Chukua fulana ya zamani ya kung'aa, ile ya wafanyakazi wa barabara au bodaboda, iliyochanika. Kata ile mistari ya rangi ya fedha, shonea juu ya ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, weka kifungo. Vaa kwenye vifundo vya miguu miwili. Kwa nini miguuni? Kwa sababu miguu inapanda na kushuka, na dereva akiona mwanga wa kupanda na kushuka anajua mara moja kwamba huyu ni mtu anayekanyaga pedali, si jiwe wala nguzo. Mafundi cherehani wetu, hii ni kazi ya dakika chache, na mnaweza kuiuza kwa bei ndogo.

Wengine wanatundika CD nyuma ya baiskeli. Inapendeza, lakini isikudanganye. CD inatupa mwanga popote, kama kioo. Rifleta ya kweli inarudisha mwanga kule ulikotoka, yaani machoni pa dereva. Ijaribu usiku: shika tochi karibu na jicho lako, simama mbali, mulika. Kinachowaka sana ndicho kinachofaa.

2. Rifleta ya mzigo. Tunafunga rifleta chini ya kiti, halafu tunaweka juu ya keria majerikani manne au fungu la kuni. Rifleta imezikwa! Dereva wa nyuma haoni kitu. Basi tengeneza rifleta inayosafiri na mzigo: kibao kidogo chenye rifleta nyekundu na ndoano ya waya, unakitundika mwisho kabisa wa mzigo. Kama kuni zimetokea pembeni, funga kipande cha kung'aa kila ncha.

3. Taa. Mbele nyeupe, nyuma nyekundu. Dinamo ya zamani bado ni rafiki, haihitaji betri, lakini ukisimama inazima, na hapo ndipo unapohitaji kuonekana. Kwa hiyo rifleta isikosekane hata kama una dinamo. Wenye taa ndogo ya sola waifungie kishikio cha mpira kwenye usukani, ukifika nyumbani unaichomoa na mtoto anasomea.

4. Kijiti cha pembeni. Magari na pikipiki yanatupita karibu mno. Funga kwenye keria kijiti kinachotoka upande wa kulia kama shubiri mbili, na kitambaa cha rangi kali kwenye ncha. Dereva anajitenga mwenyewe, hataki kugusa. Kiwe laini, kama ubua au plastiki ya kupinda. Kisiwe chuma, maana kitamchoma mwenzako. Ukiingia kwenye vijia vya kambini, kigeuze nyuma.

Kinga ya mguu wa mtoto

Hapa tunaomba kila mzazi asome polepole. Ajali nyingine haihitaji gari. Mtoto amekaa nyuma kwenye keria, miguu inaning'inia, amechoka au anasinzia. Kisigino kinaingia kwenye spoku. Ngozi inachunika, wakati mwingine mfupa unavunjika.

Kinga yake ni jerikani la njano lililopasuka. Kata pande zake mbili bapa, zifanane na nusu duara. Toboa matundu pembeni kwa msumari wa moto. Funga kipande kimoja kila upande wa gurudumu la nyuma, kwa waya, kwenye vyuma vinavyoshuka hadi ekseli na kwenye miguu ya keria. Zungusha gurudumu: kisiguse spoku wala breki wala cheni. Ncha za waya zigeuzwe nje ya njia ya mguu. Halafu fundi aongeze vyuma viwili vya kukanyagia, ili miguu ya mtoto ipate mahali pake. Kinga hiyohiyo inazuia kitenge cha mama kisiliwe na gurudumu.

Ikiwa mguu umeshanaswa, usivute kwa nguvu na usizungushe gurudumu. Shika baiskeli isitikisike, legeza au kata spoku, toa mguu taratibu. Osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Hata kidonda kikionekana kidogo, nenda. Ngozi iliyobanwa inaweza kufa na kuoza baada ya siku chache.

Vitu ambavyo kifaa hakiwezi

Helmeti ikipatikana, ivae, na ifungwe kidevuni. Ndani yake kuna povu gumu linalokubali kupondwa ili kichwa kisipondwe. Ndiyo maana helmeti iliyokwisha kuanguka vibaya au kupasuka haina kazi tena, hata kama nje inang'aa.

Lakini koti, taa na helmeti havishiki baiskeli isiyo na breki. Angalia mpira wa breki kila wiki. Na tabia ya kushika nyuma ya lori mlimani, ambayo Warundi kati yetu wanaijua sana kwenye barabara ya Bugarama, tuiache hukohuko. Lori likikwepa shimo, wewe hulioni.

Mwezi huu tunaiomba kila familia yenye baiskeli ifanye mambo matatu: bangili moja ya mguu, rifleta moja ya mzigo, na kwa wenye watoto, jerikani kwenye gurudumu la nyuma. Kama huna baiskeli lakini una jerikani bovu au fulana ya kung'aa iliyochakaa, mpelekee jirani mwenye nayo. Na mafundi wenye wazo bora kuliko haya yetu walilete, tulichapishe wote walione.