Sam Ntiro, Mchoraji wa Machame

Wenzangu, nimebakiza mwaka mmoja shuleni, na jamaa zangu huniuliza nitashika kazi gani. Nikitaja kuchora, hucheka, husema huo ni mchezo wa watoto, haumfai mtu aliyesoma. Neno hilo nitalijibu kwa habari za Bwana Sam Ntiro.

Alizaliwa mwaka 1923 huko Machame, penye mlima Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akafundishwa kuchora na Bibi Margaret Trowell. Baadaye alisoma London katika shule ya Slade, kisha akarudi kufundisha Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ndiye aliyepelekwa Uingereza kuwa Balozi wake wa kwanza, mpaka mwaka 1964.

Lakini katika safari zote hizo moyo wake haukuhama kwao. Alichora migomba, mashamba, na watu wakifanya kazi kwa pamoja. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa ya Kisasa, New York. Hakuacha desturi za kwao ili awapendeze wageni. Desturi hizo hizo ndizo walizonunua.

Alifariki mwaka 1993. Basi, mtu aliyeaminiwa kuisemea nchi yake kwa maneno aliisemea pia kwa rangi. Je, huo ni mchezo wa watoto?